Ile Doti Kwa Skrini Yako Ina Historia

Wasee, leo sina mambo ya siasa. Leo nataka tuongee kuhusu batani ya simu iliyokufa, na vile ilinipeleka mpaka Italia ya mwaka wa 1808, halafu ikanirudisha kwa nyumba ya shosh yangu huko Gatina nikiwa na aibu.

Batani yenyewe ni ile ya kuwasha simu. Haikufa ghafla. Ilianza kutaka kubonyezwa mara mbili, ikafika tatu, mwishowe ikazama ndani na ikakataa kurudi. Nikaenda kwa fundi mmoja pale Kawangware, karibu na steji ya 46, yule ana meza ya kioo na taa ya kumulika. Akaigeuza geuza, akaniambia mia nane, nirudi jioni. Sikuwa na mia nane. Nadhani aliisoma kwa uso wangu, maana alichukua simu, akaingia kwa setingi, akagusa vitu viwili vitatu, na kando ya skrini kukatokea kadoti kadogo. Ukikagusa kanafungua menyu: funga skrini, ongeza sauti, zima simu, piga picha ya skrini. "Tumia hii kwanza, ukipata doo utarudi," akasema. Sijarudi mpaka leo.

Hiyo doti mnaijua. Ukikaa ndani ya matatu ya kwenda tauni ukichungulia simu za watu (najua mnachungulia), hukosi kuiona ikielea kwa skrini ya mtu. Batani zetu zimechoka, simu zimepita mikono mitatu kabla zitufikie, na doti ndiyo inazibeba.

Lakini kitu kilinishika pale ni mlango ambao fundi alipitia. Simu yangu iko kwa Kiswahili. Niliigeuza nikiwa fomu tatu kwa sababu ya ubishi tu, na nikaizoea. Na ile sehemu aliyoingia ilikuwa imeandikwa "Zana za walio na matatizo ya kuona au kusikia". Nilikuwa nimepita hapo miaka yote bila kufungua. Mimi naona vizuri, nasikia vizuri, kwa hivyo nilijua hapo si kwangu, kama vile unavyopita mlango wa choo chenye alama ya kiti cha magurudumu. Kumbe vitu ambavyo ningevitumia kila siku vilikuwa vimefichwa nyuma ya bango linaloniambia si vyangu.

Nikataka kujua nani aliweka hiyo doti, na alimwekea nani.

Kwa iPhone ililetwa mwaka wa 2011 ikiitwa AssistiveTouch. Ilitengenezewa watu ambao mikono yao haiwezi kubonyeza batani ngumu au kutelezesha vidole kadhaa kwa pamoja. Android ikapata menyu yake ya aina hiyo mwaka wa 2018, na toleo la 9. Hakuna mahali kwa hiyo hadithi panapotajwa kijana wa Makina mwenye batani iliyozama. Nilinufaika kwa bahati, kama mtu anayeota moto wa jirani.

Nikaendelea kuchimba na nikapata kwamba hii tabia ni ya zamani kuliko simu yenyewe.

Karibu mwaka wa 1808 huko Italia, jamaa mmoja kwa jina Pellegrino Turri alimtengenezea rafiki yake mashine ya kuandika. Rafiki huyo ni Carolina Fantoni, mwanamke wa tabaka la juu aliyekuwa amepoteza macho. Mashine yenyewe imepotea, lakini baadhi ya barua alizopiga kwayo zipo mpaka leo, na ndizo zinazotuambia kwamba ilifanya kazi. Ni mojawapo ya mashine za kwanza kabisa za kupiga chapa duniani. Fikiria hali ya mtu asiyeona wakati huo akitaka kumwandikia mtu barua: anamwita mwingine, anamtamkia maneno, yule anaandika. Hakuna neno la siri unaloweza kutuma. Kila kitu unachohisi kinapitia kwa sikio la mtu wa katikati. Shikilia hapo kwa huyo mtu wa katikati, tutarudi kwake.

Kwa hivyo kibodi yako, ile unatumia kutusi watu usiku, babu yake mmoja ni zawadi kwa mtu asiyeona. Hata simu yenyewe: Alexander Graham Bell, aliyepata hataza yake mwaka wa 1876, mama yake alikuwa haisikii vizuri, mke wake Mabel alikuwa kiziwi, na yeye kazi yake ilikuwa kufundisha viziwi. Sisemi simu ilitengenezewa viziwi, hiyo itakuwa kuongeza chumvi. Nasema alijua sauti kwa sababu aliishi na watu ambao sauti haikuwafikia.

Sasa tuingie saiba.

Nilipomaliza fomu foo nilifanya kazi kwa saiba moja Kawangware, chumba kimoja, kompyuta sita, nne zikifanya kazi siku nzuri. Nilikuwa naskani vitambulisho, vyeti vya KCSE, barua za chifu, mpaka naota kwa usiku taa ya skana ikipita. Na sikuwahi kujiuliza skana ilitoka wapi. Jibu ni hili: tarehe 13 Januari 1976, Ray Kurzweil wa Marekani alionyesha watu mashine ya kuwasomea wasioona. Unalaza kitabu juu ya kioo, mashine inakipiga picha, inatambua herufi, halafu inakusomea kwa sauti. Ili ifanye hivyo ilibidi vitu vitatu viunganishwe: skana ya kulaza karatasi, programu inayotambua herufi za chapa yoyote, na sauti ya kompyuta inayosoma maandishi. Ilikuwa dude kubwa la mezani na bei yake ilikuwa makumi ya maelfu ya dola. Stevie Wonder alinunua mojawapo ya zile za kwanza. Urafiki wao ndio uliozaa kinanda cha Kurzweil K250 mwaka wa 1984, kwa hivyo mpaka muziki ulipata kitu hapo.

Ule uvumbuzi wa watatu umetawanyika kila mahali sasa. Skana iko kwa saiba. Kutambua herufi kuko kwa simu yako, ukipiga picha ya notsi za mwenzako unapata maandishi. Na ile sauti ndiyo inakusomea njia kwa ramani na inasoma stori za watu kwa video zenu za TikTok, ile sauti ya roboti mnaipenda sana.

Kuna siku moja ya hiyo kazi siwezi kusahau. Ilikuwa tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kufaili ritani za KRA, na kama hujawahi kuwa kwa saiba usiku wa 30 Juni huwezi nielewa. Foleni imetoka mpaka nje. Kompyuta namba tatu, herufi A ikafa. Sasa jaribu kuandika Kiswahili bila A. Jaribu kuandika jina lolote la Mkenya bila A. Jaribu tu kuandika "Kawangware", utapata "Kwngwre". Nilikuwa nakopi A kutoka kwa ukurasa mwingine, nabandika, nakopi, nabandika, na mama mmoja ananiangalia kama mtu anayemchezea. Jamaa aliyekuwa nyuma yake akaniambia, "Si ufungue ile kibodi ya skrini?" Ikafunguka, kibodi nzima imechorwa kwa skrini, unabofya kwa mausi. Windows imekuwa nayo tangu Windows 2000, na iliwekwa kwa watu ambao hawawezi kutumia kibodi ya kawaida. Usiku huo asiyeweza kutumia kibodi ya kawaida nilikuwa mimi. Tulimaliza ile foleni dakika chache kabla ya saa sita.

Na nina deni lingine la saiba, hili si la kuchekesha. Mnajua ukibonyeza Shift mara tano kompyuta inalia na kuleta dirisha? Inaitwa Sticky Keys. Watoto wakicheza gemu walikuwa wanaigonga kila dakika, inawakatiza, wananipigia kelele. Nikazunguka mashine zote nikaizima. Sikujua ni nini na sikuuliza. Baadaye akaja jamaa wa boda, mkono mmoja uko kwa plasta mpaka begani, anataka kuandika barua mwenyewe kwa sababu mambo yake ya ajali hakutaka kunisomea mimi. Akagonga Shift mara tano. Kimya. Akagonga tena. Akaniuliza, "Bro, kwani hii yenu haina ile ya mkono mmoja?" Ndivyo alivyoiita, ya mkono mmoja. Hicho kitu kinakuruhusu kubonyeza Ctrl, uachilie, halafu ubonyeze C, badala ya kushika zote mbili kwa pamoja. Kilifanyiwa utafiti na Trace Center, wakati huo kituo cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, kikaingia ndani ya Windows 95 ili kila kompyuta iwe nacho bila mtu kununua kitu cha ziada. Safari ya miaka mingi kutoka Wisconsin mpaka Kawangware, halafu mimi nikakizima kwa sababu watoto wa gemu walikasirika.

Manukuu, yale maandishi yanayopita chini ya video, nitayapitia haraka maana mnayatumia kuliko mimi. Marekani yalionekana kwa kipindi cha mapishi cha Julia Child mwaka wa 1972, kwa ajili ya viziwi, na mwaka wa 1980 televisheni zikaanza yale ya kuwasha na kuzima. Mwaka wa 2009 YouTube ikaleta yanayojiandika yenyewe, na mmoja wa wahandisi walioyasukuma ni Ken Harrenstien, ambaye yeye mwenyewe ni kiziwi. Ukiwa umekulia Westlands unaweza kufikiri manukuu ni ya watu wanaotazama video ofisini bila bosi kujua. Mimi nimelelewa Makina, Kibera, chini ya mabati. Mvua ikianza kunyesha juu ya mabati hakuna mtu anasikia. Nyumba nzima mnakuwa viziwi kwa lisaa limoja. Mama anaongea na wewe kwa mikono, onyesha sufuria, onyesha mlango, onyesha ndoo mahali panavuja. Redio ni bure, televisheni ni picha tu. Mtu wa kwanza niliyemwona akiwasha manukuu kwa hiari yake ni dadangu mdogo, mvua ikipiga, akitazama drama yake kama hakuna kinachoendelea.

Na yale ya kujiandika yakikutana na Sheng yanachanganyikiwa kabisa, yanaandika vitu ambavyo hata mamako hawezi kukusamehe. Ndiyo maana kwa video zangu naandika mwenyewe kwa mkono. Inachukua muda, inanichosha, lakini nafanya.

Iafoni pia. Zile za mia za stejini, wiki ya pili upande mmoja umekufa. Kuna setingi inaunganisha sauti ya kushoto na ya kulia iwe moja, ili usikose ala zilizowekwa upande ule mwingine. Iliwekewa watu wanaosikia kwa sikio moja. Iwashe leo utanishukuru.

Watu wa mambo ya usawa hupenda kutoa mfano wa kingo za barabara. Huko Berkeley, California, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanafunzi wa viti vya magurudumu walipigania kingo zishushwe kwenye vivuko, na zilipokatwa zikatumiwa na wenye vigari vya watoto, wasafiri wenye mabegi, kila mtu. Sisi hatuhitaji kwenda mbali. Nenda daraja lolote la miguu Nairobi lenye mteremko badala ya ngazi, simama hapo dakika tano uhesabu. Wa kwanza kupita atakuwa boda, na atakupigia honi.

Mpaka hapa hii stori ni tamu. Walemavu wanapata kitu, sisi sote tunafaidi, hongera kwa kila mtu. Ningeweza kuachia hapo na mngependa. Lakini kuna utafiti nilisoma ambao ulinikalisha chini, kwa sababu ulifanyiwa mtaani kwetu.

Mwaka wa 2020 kundi la watafiti, Giulia Barbareschi akiwa miongoni mwao, lilichapisha kazi kuhusu vile wasioona wa Kibera wanavyotumia simu. Walihoji watu, wakakaa nao, wakawatazama kwa shughuli za kila siku. Walichopata ni kwamba simu inawasaidia sana kujenga mtandao wa watu wao, lakini simu hiyo inafanya kazi kwa sababu tayari kuna watu karibu wanaosaidia. Wakagawanya matumizi kwa njia nne. Ya kwanza, mtu anatumia simu mwenyewe moja kwa moja. Ya pili, anatumia akishikwa mkono kidogo. Ya tatu, anamtegemea mwingine amfanyie. Ya nne, ni vile vitu ambavyo hata kwa usaidizi vimemfungia mlango.

Nilipofika kwa ile ya tatu niliweka simu chini. Mimi ndiye huyo mwingine.

Shosh yangu anakaa Gatina. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na operesheni ameiahirisha mara mbili, hiyo ni stori ya siku nyingine. Kwa miaka mingi alikuwa na kabambe, mulika mwizi ya batani. Kupiga simu hakumsumbui mtu. Anapapasa ile nukta iliyo juu ya namba 5, anajua 2 iko juu yake na 8 iko chini, vidole vinatembea. (Papasa batani za simu yoyote ya zamani, au meza ya ATM. Ile nukta iko hapo kwa wasioona, na wewe umeitumia gizani bila kujua.) Tatizo lake lilikuwa meseji. Na kwa hii nchi, tangu Machi 2007 M-Pesa ilipoanza, meseji ndiyo pesa. Pesa ikiingia unasoma, ikitoka unasoma, balansi unasoma. Kama husomi, huna pesa, una habari za pesa ambazo mtu mwingine anakuletea.

Nilipewa PIN ya shosh nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilijivunia. Nilikuwa "macho ya shosh", watu wa ploti walikuwa wananiita hivyo. Nikiwa darasa la nane nilituma mia moja na hamsini kutoka kwa simu yake kwenda kwa namba ya rafiki yangu, nikafuta meseji. Jioni akaniambia nimwangalizie balansi. Nikamsomea balansi ya uongo. Kwa sauti, nikiwa nimekaa karibu naye kwa kitanda, namba moja baada ya nyingine. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hesabu yako na yangu hazisalimiani," na akaendelea kuchambua mboga. Hakuniuliza tena. Hakunipokonya PIN pia, na sasa naelewa kwa nini: angempa nani mwingine?

Huyo ndiye mtu wa katikati niliyewaambia mshikilie. Carolina Fantoni alipata mashine akaachana naye mwaka wa 1808. Shosh yangu alikuwa naye zaidi ya miaka mia mbili baadaye, na nilikuwa mimi, na nilikuwa naiba.

Kwa hivyo kuna kitu kinanikera nikisikia watu wakisema huku mtaani tunasaidiana sana, hatuhitaji mambo ya setingi. Tunasaidiana, ni kweli. Nimeona mtu asiyeona akivushwa reli pale Kibera na mtu hata hamjui jina. Lakini msaada wa kusomewa meseji ya pesa una bei, na anayelipa ni yule anayesomewa. Anailipa kwa siri zake. Hata kama msaidizi ni malaika, bado anajua nani alimtumia pesa, ngapi, lini. Wewe ungekubali?

Na usiniambie sheria haipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inataja Lugha ya Ishara ya Kenya, Breli na njia nyingine za mawasiliano zinazofikiwa na walemavu, na kifungu cha 54 kinawapa haki ya kupata vifaa vya kuwawezesha. Sheria ya 2003 kabla yake ilishaziambia stesheni za televisheni ziweke lugha ya ishara au manukuu kwa habari. Huko Thika, kwa shule ya wasioona, shirika la inABLE lake Irene Mbari-Kirika lilianza kuweka maabara ya kompyuta mwaka wa 2009, watoto wakajifunza kutumia kompyuta inayosoma skrini. Mwaka wa 2022 Kenya ikapata kiwango chake rasmi cha teknolojia ya habari inayofikiwa na wote, KS 2952. Makaratasi tuko nayo. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na shosh nusu saa.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2, kama watu laki tisa. Ukiwa kampuni, unaweza kuangalia hiyo namba useme soko ni dogo, wacha hiyo setingi ikae mwisho wa menyu. Lakini ongeza wenye batani zilizokufa. Ongeza walio chini ya mabati mvua ikinyesha, wenye skrini zilizopasuka, wazee wote ambao macho yanapungua na hakuna sensa itawaita walemavu, mafundi wa jua kali ambao hawasikii simu ikilia kwa sababu ya nyundo na wamewasha tochi imulike ikipigwa. Ndiyo maana sioni ubaya wowote mtu mzima kutumia vitu "vya walemavu". Kuna watu wanaona ni kama kuegesha gari kwa nafasi yao. Nafasi ya kuegesha inajaa. Setingi haijai. Sisi tukiijua, fundi wa steji ya 46 anaijua, na siku mtu ambaye anaihitaji kweli akifika kwa ile meza ya kioo, hatauziwa kioo kipya.

Desemba nilimpelekea shosh simu ya zamani ya mamangu, skrini ina ufa kona moja. Nilikaa naye si nusu saa, ilikuwa karibu mchana wote. Maandishi nikayaweka makubwa mpaka mwisho, meseji moja ikajaza skrini mbili. Nikawasha ile ya kugusa mara tatu inavuta karibu. Nikawasha ile ya kuchagua maandishi yasomwe, nikapakua sauti ya Kiswahili ikae ndani ya simu isimle bando. Mara ya kwanza ilisoma meseji ya M-Pesa kwa sauti kubwa, balansi na kila kitu, mlango uko wazi na majirani wako hapo nje wakifua. Shosh akaificha simu ndani ya leso kama mtoto aliyesema ovyo. Tukatafuta iafoni. Upande mmoja ulikuwa umekufa, nikaunganisha sauti. Doti pia nikamwekea, kwa sababu batani ya hiyo simu ni ngumu na vidole vyake vina baridi yabisi. Alilalamika sana. Alisema sauti inatamka kama mhubiri wa mbali. Alisema kabambe ilikuwa inakaa na chaji wiki nzima, na hapo sikuwa na la kujibu.

Nikamwambia kuhusu ile mia na hamsini. Sijui kwa nini nilichagua siku hiyo. Akaniambia, "Ilikuwa mia na sabini, na makato," na akaniomba nimwonyeshe tena vile inavuta karibu.

Wiki tatu baadaye nilirudi. Nikampata ameketi nje, iafoni kwa sikio moja, uso karibu na skrini. Alisema ameuza kuku wawili na pesa imeingia, na akanitajia ni ngapi kabla sijauliza. Nikasema nipe nikuangalizie kama ni sawa. Akanipa simu bila wasiwasi. Nikaingiza PIN niliyoijua tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, ikakataa. Nikarudia, ikakataa.

"Nilibadilisha," akasema.

"Nani alikusaidia?"

"Nani tena? Si iko na maandishi makubwa."

Nikamuuliza kwa mzaha mpya ni gani. Alicheka mpaka akakohoa, akachukua simu yake, akatafuta ile doti kwa kidole gumba, na akafunga skrini.